NAFASI INAYOPOTEA KATIKA KIOO CHA BARUA PEPE



Barua nyingi za chama siku hizi haziji tena na tarishi, wala hazikai katika sanduku la posta. Bei za mnada, taarifa za mikutano, hoja za ukaguzi, hati za madai na maelekezo ya Chama Kikuu hupitia katika barua pepe, na Katibu huzisoma katika kioo cha kompyuta, ambacho wengine hukiita skrini. Kwa sababu hiyo kioo hicho kimekuwa chombo cha kazi cha chama, sawa na mizani, daftari la fedha na kabati la majalada. Na kila chombo cha kazi yapasa kikaguliwe.

Shabaha ya makala haya ni kueleza jambo ambalo wengi wetu huliona kila siku bila kulitia maanani. Katika programu nyingi za barua pepe, sehemu kubwa ya kioo haitumiki kuonyesha barua. Tutaeleza namna ya kuipima sehemu hiyo, asili yake, hasara inayoletwa nayo, na hatua ambazo Katibu aweza kuzichukua bila ya kutumia fedha ya chama.

1. KUPIMA KIOO

Kipimo hiki hakihitaji fundi. Chukua rula ya kawaida, fungua barua moja katika kompyuta ya chama, kisha pima mambo mawili: kwanza kioo kizima, upana na kimo, pili, ile sehemu peke yake ambamo maneno ya barua yameandikwa. Zidisha upana kwa kimo katika kila kipimo, halafu linganisha.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kioo cha kompyuta ya kupakata kina upana wa sentimeta 34 na kimo cha sentimeta 19. Eneo lake ni sentimeta mraba 646. Sasa tuanze kutoa. Ukanda wa chini wenye saa na alama za programu huchukua sentimeta 1. Kivinjari cha mtandao, yaani programu inayofungulia kurasa, huchukua sentimeta 2 juu. Ukanda wa jina la huduma na kisanduku cha kutafutia huchukua sentimeta 1 na nusu. Ukanda wa vitufe vya kujibu, kufuta na kuhifadhi huchukua sentimeta 1 na nusu nyingine. Jumla ni sentimeta 6. Kimo kilichobaki ni sentimeta 13.

Kwa upande wa upana, safu ya kushoto yenye majina ya majalada huchukua sentimeta 6, na safu nyembamba ya kulia yenye alama za huduma nyingine huchukua sentimeta 1 na nusu. Orodha ya barua huchukua sentimeta 9. Upana uliobaki ni sentimeta 17 na nusu. Tena, kabla barua haijaanza, kuna kichwa chake: mada, jina la mwandishi, picha yake ya duara, tarehe na vitufe vingine, nacho huchukua kimo cha sentimeta 3 na nusu. Basi barua yenyewe imebakiwa na sentimeta 17 na nusu kwa sentimeta 9 na nusu, yaani sentimeta mraba 166 hivi. Hiyo ni robo ya kioo na ziada kidogo. Robo tatu nyingine zimekaliwa na vitu visivyo barua.

Hesabu hii ni mfano tu, na kila kompyuta itatoa jibu lake. Lakini Katibu atakayepima kwa rula hataweza tena kusema kwamba kioo chake ni kidogo kabla ya kujua ni nani anayekikalia.

2. ASILI YA JAMBO HILI

Barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine katika mtandao ilipelekwa na Ray Tomlinson huko Marekani mwaka 1971. Yeye ndiye aliyechagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la kompyuta yake. Katika miaka iliyofuata watu walisoma barua zao katika mitambo yenye kioo cha maandishi matupu. Mtambo mmoja uliojulikana sana ni VT100 wa mwaka 1978, ambao kioo chake kilikuwa na mistari 24, na kila mstari ulikuwa na nafasi ya herufi 80. Katika nafasi finyu namna hiyo hapakuwa na mahali pa mapambo. Karibu kila mstari ulikuwa wa barua, ingawa mtumiaji alilazimika kukariri amri za kuendeshea mtambo.

Baadaye yalikuja madirisha, picha na kipanya. Programu za barua zikagawa kioo katika vyumba vitatu: majalada, orodha ya barua, na barua iliyofunguliwa. Mpango huu ulikuwa mzuri, kwa kuwa msomaji aliweza kuona kwa mara moja alipo na kilichopo mbele yake. Hata hivyo, kila chumba kilidai kuta zake, na kila kampuni ikaongeza kanda za vitufe juu ya vyumba hivyo.

Jambo la pili ni umbo la vioo. Kwa muda mrefu vioo vingi vilikuwa na nukta za mwanga 1024 kwa upana na 768 kwa kimo. Vilipokuja vioo vipana, kompyuta nyingi za kupakata zikawa na nukta 1366 kwa 768. Tazameni hesabu hiyo kwa makini: upana umeongezeka kwa nukta 342, lakini kimo hakikuongezeka hata nukta moja. Tena ofisi iliyokuwa na kioo cha mezani cha nukta 1280 kwa 1024, kisha ikahamia kwenye kompyuta ya kupakata ya nukta 1366 kwa 768, ilipoteza robo kamili ya kimo. Barua husomwa kutoka juu kwenda chini, na kwa hiyo kimo ndicho kinachohitajiwa zaidi. Pamoja na hayo, waundaji wa programu waliendelea kuweka kanda za kulala, moja juu ya nyingine, ambazo hula kimo kile kile kilichopungua.

Wako waliolitambua jambo hili. Programu ya Outlook ya mwaka 2003 iliweka chumba cha kusomea upande wa kulia badala ya chini, ili upana mpya utumike na barua ipate kimo. Lakini mwaka 2010 programu hiyo hiyo ikawekewa, katika dirisha lake kuu, utepe mpana wa vitufe ambao ulikwisha kuingia katika programu nyingine za ofisi za kampuni hiyo mwaka 2007. Gmail, iliyoanza mwaka 2004, ilikuwa na sura nyepesi yenye maneno mengi na mapambo machache. Mwaka 2011 sura hiyo ilibadilishwa ikawa na nafasi wazi nyingi zaidi, na hapo hapo watumiaji wakapewa daraja tatu za kuchagua, kutoka iliyotanuka hadi iliyobana. Mwaka 2018 iliongezewa safu ya kulia yenye kalenda na vitu vingine. Thunderbird nayo, katika toleo lake la 115 la mwaka 2023, ilibadilisha sura na kumwachia mtumiaji achague kiasi cha kubana. Hivyo yaonekana kwamba waundaji wenyewe wanakubali kuwa kipimo kimoja hakiwafai watu wote.

3. SI KILA NAFASI WAZI NI HASARA

Hapa yafaa tuwe waangalifu, maana mtu aweza kudhani kwamba kioo bora ni kile kilichojazwa pomoni. Sivyo. Fikirini ghala la chama. Mtunza ghala mwema hapangi magunia kutoka ukuta hadi ukuta. Huyaweka juu ya chaga, huacha nafasi kando ya kuta, na huacha njia kati ya mafungu ili hewa ipite na mkaguzi aweze kuhesabu. Njia hiyo ni tupu, lakini ina kazi. Kinyume chake ni meza mbovu iliyoachwa katikati ya ghala: haina gunia juu yake, haina njia, na hakuna anayejua sababu ya kuwapo kwake.

Katika kioo mambo ni hivyo hivyo. Nafasi kati ya mstari na mstari hulisaidia jicho lisipotee. Pambizo huzuia mistari isiwe mirefu kupita kiasi, kwa maana mstari wenye herufi zaidi ya 80 humchosha msomaji arudipo kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata. Kadhalika vitufe havifai kuwa vidogo mno. Mwaka 1954 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwa majaribio kuwa muda wa mkono kufikia shabaha hutegemea umbali wa shabaha hiyo na ukubwa wake. Kwa simu za kugusa, waundaji wa Android hupendekeza kitufe kisichopungua milimita 9 hivi kila upande, kwa kuwa kidole si ncha ya kalamu.

Basi swali la mkaguzi ni hili: je, nafasi hii ina kazi gani? Edward Tufte, mwalimu wa Marekani aliyeandika mwaka 1983 juu ya uchoraji wa takwimu, alifundisha kwamba katika mchoro yatupasa kulinganisha wino unaobeba habari na wino wote uliotumika. Kanuni hiyo yafaa hata kwa kioo. Ukanda unaorudia jina la huduma, ambalo msomaji alilijua tangu alipoifungua, haubebi habari. Picha ya duara yenye herufi ya kwanza ya jina ambalo limekwisha andikwa kando yake haibebi habari. Tangazo lililowekwa katikati ya orodha ya barua hubeba habari, lakini si za chama.

4. KWA NINI WAUNDAJI HUFANYA HIVYO

Hapana haja ya kudhani kuwa ni uzembe tu. Ziko sababu tatu zinazoeleweka.

(a) Programu moja hutakiwa ifae simu na kompyuta pia. Vitufe vipana na nafasi kubwa zilizokusudiwa kwa vidole huhamishiwa katika kompyuta yenye kipanya, ambako hazihitajiwi kwa kiasi hicho.

(b) Kampuni hutaka mtumiaji azione huduma zake nyingine. Kioo cha barua hufunguliwa kila siku, na kwa hiyo ni kama ukuta wa soko: kila mwenye bidhaa hutaka kubandika tangazo lake hapo. Huduma isiyolipiwa kwa fedha hulipiwa kwa nafasi na kwa macho ya msomaji.

(c) Sura yenye nafasi tele huonekana safi na nyepesi machoni pa mgeni anayeijaribu kwa barua tano. Mwenye barua mia mbili ndiye anayeuona uzito wake, naye huuona baada ya kuizoea.

5. HASARA KWA CHAMA

Hasara ya kwanza ni muda na uangalifu. Barua ambayo ingeonekana yote kwa mara moja hukatwa vipande vitatu au vinne, na msomaji hulazimika kuisogeza. Kila anaposogeza, ajua mwanzo tu, na mwisho hujificha chini ya ukingo. Chama kimoja nilichokikagua, ambacho si lazima kukitaja, kilipokea barua ya kutaka orodha iliyosahihishwa ya wakulima waliouza mazao. Siku ya mwisho ilikuwa imeandikwa katika aya ya tatu. Katika kioo cha chama aya mbili tu zilionekana, na zilikuwa za salamu na maelezo. Barua ikahesabiwa kuwa imesomwa, orodha ikachelewa kwa siku mbili, na wakulima ambao majina yao yalikuwa na kasoro wakangoja malipo ya awamu iliyofuata. Fedha haikupotea, lakini mwenye ada ya shule ya kulipa ajua maana ya kungoja.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi, na ndiyo iliyonisukuma kuandika. Programu nyingi, hasa za simu, huonyesha jina la mwandishi peke yake na kuificha anwani yake kamili, ati kwa kuokoa nafasi. Yaani nafasi imetolewa kwa picha, kwa ukanda na kwa alama, kisha ikakosekana kwa ajili ya herufi thelathini zinazotambulisha ni nani hasa aliyeandika. Jina laweza kuandikwa na yeyote. Mtu aweza kujiita Meneja wa Chama Kikuu, au muuzaji wa pembejeo, au benki, na jina hilo likaonekana kwa herufi nene. Anwani ndiyo ingeonyesha kwamba barua imetoka kwingine.

Ulaghai wa namna hii, ambapo mtu hujifanya mkubwa wa ofisi au mdai wa kweli na kuagiza fedha zilipwe katika akaunti mpya, umekwisha kuumiza taasisi nyingi duniani. Taarifa ya FBI ya Marekani kwa mwaka 1923 wa malalamiko hayo haipo, maana wizi huu ni wa zama zetu. Ya mwaka 2023 ndiyo iliyotaja hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9 kutokana na ulaghai wa barua pepe za kibiashara. Waliotapeliwa humo si wajinga. Wengi walisoma jina, wakaliamini, wakalipa.

6. NAFASI TUNAYOIPOTEZA SISI WENYEWE

Haitakuwa haki kuwalaumu waundaji peke yao. Sisi waandishi wa barua nasi hujaza kioo cha wenzetu kwa mambo yasiyo na kazi. Mwaka 1995 ulitolewa mwongozo wa adabu za mtandao, unaojulikana kwa namba 1855 katika nyaraka za intaneti. Mwongozo huo ulishauri kwamba saini chini ya barua isizidi mistari minne, mistari ya barua isifikie herufi 65, na anayejibu atoe muhtasari wa maneno anayoyajibu ili msomaji afahamu. Ushauri huo haujachakaa.

Leo utaiona barua ya jibu lenye maneno mawili, "Imepokelewa, asante," ikifuatwa na nembo, vyeo vitatu, namba nne za simu, kaulimbiu, onyo la siri lenye aya nzima, na mlolongo wa barua kumi za nyuma. Anayesoma kwa simu hulipia bando kwa mzigo huo wote, na anayechapa hutumia karatasi nne kwa maneno mawili.

7. HATUA ZA KUCHUKUA

Katibu aweza kuzifanya hatua zifuatazo kwa nusu saa:

(a) Pima kioo kwa rula kama ilivyoelezwa, na uandike jibu katika daftari.

(b) Fungua mipangilio ya programu na uchague daraja iliyobana kwa orodha ya barua. Katika Gmail hupatikana kwa kubofya alama ya gurudumu lenye meno iliyo juu upande wa kulia. Thunderbird na Outlook nazo zina chaguo la namna hiyo.

(c) Funga safu zisizotumika. Katika Gmail, alama ya mistari mitatu iliyo juu kushoto hukunja safu ya majalada, na mshale mdogo ulio chini kulia huficha safu ya huduma nyingine. Katika Outlook ya kompyuta, ile ya zamani, bonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na F1, na utepe utakunjwa. Bonyeza tena, utarudi.

(d) Unaposoma barua ndefu katika kivinjari cha kompyuta ya Windows, bonyeza F11 ili kanda za kivinjari ziondoke. Kuzirudisha, bonyeza F11 tena.

(e) Usipunguze ukubwa wa herufi mpaka macho yaumie. Kusudi letu ni kuondoa meza mbovu, si kuziba njia ya kupitia.

(f) Kabla ya kutekeleza barua yoyote inayohusu fedha, gusa jina la mwandishi ili uione anwani yake kamili, uisome herufi kwa herufi. Ikiwa barua yataja akaunti mpya, mpigie simu mhusika kwa namba iliyo katika jalada la chama, wala si kwa namba iliyo katika barua hiyo. Fanya hivyo hata kama anwani yaonekana sahihi, kwa kuwa sanduku la mtu laweza kuingiliwa na mwizi.

(g) Katika barua zako, tia jambo kuu katika mada na katika mstari wa kwanza. Mada isemayo "Taarifa" haimwambii mtu neno. Mada isemayo "Orodha ya wakulima itakiwayo kabla ya tarehe 14" husomeka hata katika kioo kidogo, kabla barua haijafunguliwa.

(h) Punguza saini iwe mistari minne: jina, cheo, chama, simu. Katika kujibu, futa mlolongo usiohitajiwa, lakini hifadhi barua za asili katika jalada lake kwa ajili ya ukaguzi.

8. NENO KWA KAMATI ZA VYAMA

Vyama vingine hufikiria kununua programu mpya, na wauzaji huja na maonyesho ya kuvutia katika vioo vikubwa. Kamati isikubali kuamua kwa maonyesho hayo. Iombe programu iwekwe katika kompyuta ya chama yenyewe, ifunguliwe barua ya kweli ya kurasa mbili, na Katibu apime kwa rula mbele ya wajumbe. Iulizwe pia kama anwani ya mwandishi huonekana bila kubofya. Majibu ya maswali hayo mawili yaandikwe katika kumbukumbu za kikao pamoja na bei.

Chombo cha ofisi hununuliwa kwa fedha ya wakulima. Kama tunavyokataa mizani isiyoonyesha uzito wote wa gunia, ndivyo itupasavyo kukihoji kioo kisichoonyesha barua yote, hasa kinapoficha jina la kweli la anayetaka fedha zetu.